Bei ya Japani, Barabara ya Kagondo

Desemba ikikaribia, barabara ya kutoka Biharamulo kuingia Muleba hubadilika. Wana wa Kagera waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Arusha wanarudi nyumbani kula Krismasi, na wenye magari wanarudi nayo. Katikati ya msururu wa Noah, IST na Harrier hupita moja linalosikika kabla halijaonekana: mngurumo mzito wa kudundadunda, kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Kisha linatokeza kwenye kona, Subaru Impreza ya bluu, rimu za rangi ya dhahabu, bawa limesimama juu ya buti. Vijana wa bodaboda hugeuza shingo. Hakosekani mmoja kati yao, au mwenye duka aliyeegemea kaunta yake, anayeamua siku hiyo hiyo kwamba mwakani na yeye ataleta la kwake.

Uamuzi huo umefanywa na sikio. Kazi iliyobaki ni ya macho na kalamu, na ndiyo ambayo wanunuzi wengi huiruka.

Kagondo zenyewe ziko mbili: moja ni kata ndani ya Manispaa ya Bukoba, nyingine iko Muleba, ile inayojulikana kwa hospitali yake. Zote mbili zinafanana kwa jambo moja linalomhusu mwenye gari la mbio. Lami ipo, lakini nyumba haiko kwenye lami. Kipande cha mwisho hupita kwenye udongo mwekundu kati ya migomba, na mvua za ukanda huu wa ziwa, ambao ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa zaidi nchini, hukikata kila msimu.

Rangi ya bluu ilitoka wapi

Mapenzi ya Afrika Mashariki kwa Subaru yana mizizi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miongo mingi ilikuwa kipimo kikali kuliko vyote cha uimara wa gari duniani. Mwaka 1997 Colin McRae aliishinda akiwa na Impreza ya bluu, na mwaka 2000 Richard Burns akarudia kwa gari la ukoo huo huo. Ubingwa wa dunia wa madereva ulikwenda kwa Subaru mara 3: McRae mwaka 1995, Burns 2001 na Petter Solberg 2003. Upande wa pili wa mpaka wa Mutukula, Pearl of Africa Rally ya Uganda imezilea Subaru na Mitsubishi Lancer Evolution mpaka zikawa magari ya ndoto ya vijana wa Masaka na Mbarara, na ndoto hiyo haikusimama mpakani.

Gari wanaloliota vijana wa Kagera, kwa hiyo, lina jina: Impreza WRX STI iliyotengenezwa kwa soko la Japani, injini ya lita 2 yenye turbo, inayotangazwa kuwa na nguvu za farasi 280. Wengine huota Lancer Evolution, na wenye mfuko wa kiasi huota Toyota Altezza. Yote yanafika hapa kwa njia ile ile, mnada wa Japani, ama moja kwa moja ama kupitia kampuni iliyolinunua mnadani ikaliweka mtandaoni na faida yake juu.

Mnunuzi wa leo anapaswa kujua anashindana na nani. Sheria ya Marekani inazuia magari yasiyotengenezwa kwa viwango vya nchi hiyo mpaka yafikishe miaka 25. Kila mwaka kundi jingine la magari ya mbio ya Kijapani hufungukiwa mlango huo, na Wamarekani huyafuata Japani kwa dola zao. Nissan Skyline GT-R ya R34, iliyotoka mwaka 1999, ilifikisha umri huo mwaka 2024. Impreza nyingi za miaka ya 1990 zilishapita kabla yake. Subaru nayo ilifunga ukurasa wa injini ile ya lita 2, EJ20, kwa toleo la mwisho la magari 555 tu, na tangu hapo hakuna mpya inayozaliwa. Anayesikia kwamba rafiki yake alinunua STI kwa bei ya kutupa miaka kumi iliyopita anasikia habari za soko jingine.

Mnada usioingilika

USS ndiyo kampuni kubwa kuliko zote za minada ya magari Japani. Uwanja wake wa Tokyo, ulioko Noda katika mkoa wa Chiba, huuza kila Alhamisi, na siku yenye pilika hupitisha magari zaidi ya 10,000. Hakuna dalali anayepiga kelele wala nyundo inayogongwa mezani. Wanachama wamekaa mbele ya skrini, kidole juu ya kitufe, na gari moja huenda kwa sekunde chache. Mtu wa kawaida haruhusiwi kununua, hata akiwa Mjapani mwenyewe. Wa Kagondo hununua kupitia wakala mwanachama: humwekea amana, humtajia dau la juu kabisa, na humlipa ada yake.

Kagera inaujua ununuzi wa kitu kisichoonekana. Butura, ile desturi inayopigwa marufuku kila msimu ya kumuuzia mfanyabiashara kahawa ikiwa bado maua mtini, ni biashara ya namna hiyo. Tofauti ni nani anayebeba hasara. Kwenye butura mlanguzi hulipa kidogo kwa sababu anajua maua yanaweza kupukutika. Kwenye mnada wa Japani mnunuzi hulipa bei kamili, kisha meli ikifika na maua yamepukutika, ni yake.

Kinga aliyonayo ni karatasi moja.

Nshomile halisi

Watani huwaita Wahaya nshomile, “nimesoma”, kwa kuwacheka wanaopenda kutaja shule walizopitia. Hapa pana mahali ambapo sifa hiyo inahitajika bila utani. Kila gari linaloingia mnadani hukaguliwa na mtu wa mnada, siyo wa muuzaji, naye hujaza ukurasa mmoja kwa mkono. Wakala anayekataa kuutuma ukurasa huo, au anayetuma tafsiri bila karatasi yenyewe ya Kijapani, ameshajibu swali la kwanza la mnunuzi.

Chini ya ukurasa kuna mchoro wa gari lililofunuliwa bapa kama sangara aliyepasuliwa kwa ajili ya kayabo: paa katikati, milango imelazwa huku na huku. Juu ya mchoro huo mkaguzi ametawanya herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa na XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata inaeleza ukubwa: A1 ni mkwaruzo wa kucha, A3 ni wa kuonekana toka mbali. W kwenye mlango mmoja si habari. W kwenye mlango, kwenye ubavu wa nyuma na karibu na nguzo ya paa, zote upande ule ule, ni hadithi ya gari lililogongwa ubavuni, hata kama hakuna aliyeiandika.

Juu kwenye kona ndipo penye gredi. Gredi 4 na 4.5 ni gari lililotunzwa, 3.5 lina makovu ya kawaida. 3 lina kazi ya bodi inayosubiri. R au RA maana yake gari liliwahi kuumia kwenye mifupa yake, yaani fremu na nguzo, likatengenezwa. Gredi 1 ndiyo inayowapotosha wapenzi wa magari ya mbio. Mara nyingi hupewa gari lililobadilishwa sana, mathalani turbo au giaboksi si ile ya kiwandani, lakini hupewa pia gari lililowahi kuingia maji. Alama ni moja, magari ni mawili tofauti kabisa, na jibu liko kwenye maandishi ya mkaguzi pembeni. Hayo ndiyo ya kulipia mtafsiri.

Kilomita nazo zina alama zake. Nyota pembeni ya namba huonya kwamba haiaminiki. Alama ya dola husema dashibodi iliwahi kubadilishwa. Cheti cha kuliondoa gari kwenye daftari la Japani kwa ajili ya kulisafirisha huonyesha pia kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali uliopita. Namba mbili hizo zikipishana kwa kurudi nyuma, mazungumzo yaishie hapo.

Kutu inastahili sentensi yake. Magari ya Hokkaido na kaskazini mwa Japani hukimbia miezi mingi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Picha ya gari hung'aa, na chini ya tumbo kumekwisha kuliwa. Mnunuzi makini huuliza limetoka mkoa gani na huomba picha ya chini.

Sura moja, magari mawili

Bawa na nembo nyekundu ya STI vinauzwa dukani. Chesisi haiuzwi. Kwenye Impreza za 2000 hadi 2007, namba ya chesisi inayoanza na GDB ni STI yenyewe, yenye gia 6. GDA ni WRX ya kawaida, nayo ina turbo lakini si gari lile. GD2 na GD3 ni za lita 1.5, gari la kwendea sokoni lililovalishwa nguo za Safari Rally. Altezza ni vivyo hivyo: SXE10 ni RS200 yenye silinda 4 na nguvu za farasi 210 kwa ya gia za mkono, wakati GXE10 ni AS200 yenye silinda 6 na farasi 160. Zikiegeshwa pamoja, mpita njia hatatofautisha. Fundi atakayetafuta spea atatofautisha siku ya kwanza.

Hata mngurumo ule una siri. Hutokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu yanapotoka kwenye injini. STI za soko la Japani za kuanzia mwishoni mwa 2002 zilipewa mabomba yanayolingana na turbo ya aina nyingine. Zina nguvu nzuri zaidi chini, lakini mdundo wa ngoma umepungua. Aliyeuza shamba kwa ajili ya sauti aulize mwaka.

Kodi inaponunua gari la pili

Tanzania haina kikomo cha umri kama Kenya, inayokataa gari lililopita miaka 8, au Uganda, iliyoweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Hapa gari kuukuu linaingia, ila umri wake unalipiwa.

Mfano unatosha kuonyesha. Mamlaka ya Mapato (TRA) ikilithamini gari, nauli ya meli na bima vikiwemo, kwa shilingi milioni 20, ushuru wa forodha wa 25% ni milioni 5. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya sisi (cc) 1,001 na 2,000 ni 5%, lakini unahesabiwa juu ya milioni 25, siyo 20: milioni 1.25. Umri ukizidi miaka 10 huongezwa 30%, juu ya milioni 25 hizo hizo: milioni 7.5. VAT ya 18% hupigwa juu ya jumla yote hiyo, nayo ni zaidi ya milioni 6. Kabla ya tozo ya reli, ada za bandari, wakala wa forodha na usajili, serikali imeshachukua milioni 19.8. Injini ikivuka sisi 2,000, kama ile ya Toyota Supra ya lita 3, ile 5% inakuwa 10% na kodi peke yake hupita bei ya gari. Gari la miaka 8 hadi 10 hutozwa 15% badala ya 30%, ndiyo maana gari jipya kidogo, lenye bei kubwa Japani, wakati mwingine hufika Bukoba kwa jumla isiyopishana sana.

Thamani inayotumika ni ile ambayo TRA inaikubali, na mamlaka ina kanzidata yake. Ankara yenye bei ya chini haimfungi mtu pale forodhani. Kikokotoo cha magari yaliyotumika kiko wazi kwenye tovuti ya TRA. Kwa kuwa bajeti hugusa viwango kila Juni, hesabu ifanywe wiki ya kununua. Kisha gari likifika linapaswa kutimiza viwango vya Shirika la Viwango (TBS), na tairi zilizozeeka ni miongoni mwa vitu vinavyoonekana kwanza. Namba 4 zilizopigwa ubavuni mwa tairi husema wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2315 ni wiki ya 23 ya 2015.

Kilomita 1,400 za kwanza

Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Bukoba, kwa Dodoma, Singida, Kahama na Biharamulo, ni kiasi cha kilomita 1,400. Gari limekaa uwanjani Japani, melini na bandarini kwa miezi. Oili yake ni ya zamani, mkanda wa taimingi haujulikani ulibadilishwa lini. Kumkabidhi dereva wa kukodi aliyezoea kukimbiza magari ya IT, yale yanayopita tu nchini, kuelekea mpakani ni kucheza kamari na injini. Mkanda ule, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, ukikatika, valvu hugonga pistoni na injini hufunguliwa yote. Oili ikipungua kwenye injini ya Subaru, iliyolala ubavu, yenye turbo inayoipasha moto, bearingi huanza kulia. Mafundi husema imenoki, na neno hilo huja na bei ya injini nyingine. Oili, mkanda, pampu ya maji na maji ya rejeta vibadilishwe Dar es Salaam, kisha kijiti cha oili kichomolewe kila panapowekwa mafuta. Asiye na uhakika alipakie kwenye lori la kubebea magari.

Mafuta nayo ni suala. STI za Japani zilipangiwa petroli ya huko ya daraja la juu, ya oktani 98 hadi 100. Pampu za kawaida huku hazitoi hiyo. Gari la kiwandani hujilinda kwa kupunguza nguvu. Gari ambalo kijana wa Osaka aliliongezea presha ya turbo na kubadili programu ya injini halijilindi. Hugonga ndani kwa ndani mpaka pistoni ipasuke. Kwa hiyo saa ya presha iliyobandikwa pembeni ya dashibodi, siti za mashindano na bomba la moshi nene kwenye picha za mnada ni maswali yanayohitaji majibu. Kuna faida moja ya kijiografia: Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na yenye turbo huhisi hewa hiyo nyepesi kidogo tu.

Spea ndizo zitakazoamua kama gari litakimbia au litafugwa uani. Gereji nyingi za Bukoba na Muleba zimefundishwa kazi na Noah, Probox na Fuso, na zinaijua vizuri. Kabla ya kununua, mwenye ndoto azungumze na fundi wake na kumuuliza ni Subaru ngapi za turbo amezifungua, na kama zilifungwa zikawaka. Kampala iko kiasi cha kilomita 300 kutoka Bukoba kupitia Mutukula, wakati Dar es Salaam iko mbali karibu mara tano ya hapo, na soko la Kisekka ni jina ambalo kila fundi wa Subaru wa ukanda huu analijua. Kipuri kitokacho huko kilipiwe kihalali mpakani. Kununua gari zima lenye namba za Uganda kwa bei nafuu ni jambo jingine: kibali cha muda si usajili, na ushuru wake unasubiri pale pale.

Mnada wa nyumbani

Yapo magari ya mbio yanayouzwa hapa hapa: yaliyokaa bandarini bila kulipiwa mpaka forodha ikayanadi kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, na yaliyonyang'anywa kwa mikopo iliyoshindikana. Uzuri wake ni kwamba mtu huliona gari kwa macho na kulishika. Ubaya wake uko kwenye tangazo lenyewe: mali itauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Kuwasha injini huenda kusiruhusiwe, kuliendesha ndiyo kabisa, na sehemu ya fedha hudaiwa papo hapo, aghalabu robo ya dau, nayo hupotea salio lisipolipwa kwa muda. Mnunuzi aende siku ya kukagua na fundi, tochi na karatasi. Asome namba ya chesisi kwenye bodi ailinganishe na kadi, achomoe kijiti cha oili, avute zulia la buti anuse maji. Namba ya gari ipitishwe kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani. Aliyeshindwa kulipa mkopo mara nyingi alishindwa kwanza kulipia matengenezo.

Kwa anayetaka nguvu bila ukorofi wote huo, Subaru Forester yenye turbo hutumia injini ya ukoo ule ule iliyotulizwa, na tumbo lake limeinuka vya kutosha kupita njia ya migombani bila kukwangua bampa. Toyota Mark X na Altezza AS200 haziwiki, lakini spea zake zipo na fundi hashangai. Hayo si magari ya kupokelewa kwa mbinja. Ni magari ya kumfikisha mtu Kagondo na kumrudisha Dar es Salaam Januari.

Anayebaki na STI yake moyoni afanye kazi ya mwisho Jumatano jioni. Achukue jumla anayoimudu, atoe kwanza fungu la mkanda, oili, tairi na klachi, atoe kodi ya TRA kwa hesabu ya wiki hiyo, atoe meli, bandari na safari ya Bukoba. Kilichobaki ndicho dau, na amtumie wakala kwa maandishi, namba moja, bila “ongeza kidogo ikibidi”. Saa 4 asubuhi ya Alhamisi huko Noda ni saa 10 alfajiri huku, Kagondo imelala na mvua huenda inapiga mabati. Gari litapita kwenye skrini kwa sekunde chache. Likivuka namba ile, wakala atanyanyua kidole kutoka kwenye kitufe, na Alhamisi ijayo yatakuwepo mengine.